Koplo Kapita

Mama alipofariki, wanawake wa nyumbani walifanya kama ifanywavyo kwetu. Walikusanya nguo zake zote, wakazifua, wakazianika kwenye kamba mbili uani, na zilipokauka wakazifukiza udi kabla ya kuzigawa. Mimi niliwahi moja, kanga aliyojifunga siku zake za mwisho. Nilivaa mfuko wa nailoni mkononi, nikaishika kanga, nikaugeuza mfuko ndani nje mpaka ukaimeza, nikafunga fundo. Mama mdogo alinikuta mlangoni.

"Riziki, nguo haijafuliwa hiyo. Waipeleka wapi?"

"Naiweka, mama mdogo."

Alinitazama kwa huruma. Nadhani alihisi msiba umenipanda kichwani. Sikumweleza, maana maelezo yake ni marefu na yanaanza na mbwa, na nyumba ilikuwa imejaa watu waliokuja hitimani.

Kwetu Ndagoni mbwa walikuwa adimu. Paka tulikuwa nao wa kutosha kugawia Mafia nzima, lakini mbwa alikuwa kitu cha kusikika mbali mashambani na kuombewa dua asikaribie. Kwa hiyo Afande Shomari alipostaafu kikosi cha mbwa wa polisi huko bara, akarudi kwao na mbwa wa kahawia, sikio moja limesimama na jingine limelala, kijiji kilipata la kusema mwezi mzima. Waliopanda naye boti kutoka Nyamisati walisimulia kwamba mbwa yule alikaa kimya kuliko abiria wengine wote, na kwamba Afande alimwita Koplo na kumpa amri kama anazungumza na mtu. Alijenga nje ya kijiji, njia ya kwendea kwenye mikoko, ili asimkere mtu. Msikitini alikuja na kanzu ambayo mbwa hakuwahi hata kuiona.

Afande alikuwa mtu mfupi, mkali, mwenye kucheka ghafla. Alisema ametumia miaka yake yote kufundisha mbwa kutafuta watu wanaokimbia, na sasa anataka Koplo ajifunze kutafuta wanaotaka kuonekana. Kila mtu alijua anamsema nani. Muda mfupi kabla hajarudi, mzee mmoja wa kijiji cha jirani alikuwa ametoka kutafuta mbuzi wake akapotea vichakani, na alipopatikana siku ya nne hakuwa na cha kusimulia tena. Wazo lilikuwa jema. Shida ilikuwa moja: ili umfundishe mbwa kutafuta mtu aliyepotea, unahitaji mtu wa kupotea kila siku, na hakuna mtu mzima wa Ndagoni aliyetaka kunuswa na mbwa.

Mimi nilitaka. Nilikuwa darasa la tatu, mkaidi, mpenda sifa, na kwenye mchezo wa kujificha hakuna aliyeniweza. Baba, ambaye kazi yake ilikuwa kukwea minazi, alikwenda kumuuliza Maalim wa chuo cha Kurani. Maalim akajibu kwamba mbwa wa kuwinda ana ruhusa na mbwa wa kulinda ana ruhusa, sembuse wa kuokoa roho ya mtu, ila akilamba, paoshwe mara saba, na moja iwe ya udongo. Mama hakufurahi, lakini Maalim akishasema, umesema nini wewe.

Basi kazi yangu ikawa kupotea. Mwanzoni ulikuwa mchezo wa kitoto. Afande alimshika Koplo kwa mkanda wa kifuani, mimi nikakimbia mbele ya macho yake nikipunga kamba ya makumbi yenye fundo kubwa mwishoni, nikajitupa nyuma ya kichaka cha mikadi. "Tafuta!" Koplo akanifikia kabla sijavuta pumzi mbili, nikampa kamba tukavutana. Kamba ile ndiyo ilikuwa ujira wake. Hakutaka nyama wala samaki, alitaka kuvutana na mtu mpaka mtu ashindwe. Baadaye nikawa naondoka asiponiona. Baadaye tena nikawa nakaa nusu saa nzima kabla hajaachiwa, napita kwanza njia waliyopita watu wengine, nazunguka banda la kukaushia mbata, ndipo najificha. Afande alinifundisha kujua upepo unatoka wapi, kwa kuangusha unga wa vumbi kutoka vidoleni. Hata leo nikisimama mahali pageni mkono wangu hutafuta vumbi.

Alimfundisha Koplo pia namna ya kutoa habari. Mbwa akimpata mtu asimrukie wala asimguse. Akae chini mbele yake, abweke bila kuacha, mpaka Afande afike. Kukaa Koplo alikaa, na kubweka alibweka, lakini ulimi wake haukupata kufundishika. Hakuna siku aliyonipata asinilambe mkono. Afande alikaripia mpaka akachoka. Kwa hiyo kila jioni nilirudi nyumbani na najisi yangu, nikapita moja kwa moja nyuma ya jiko, ambako mama aliniwekea ndoo, kata, na kopo la udongo mkavu. Yeye alimimina, mimi nikasugua, na Bibi akahesabu kwa sauti kutoka kitandani kwake, kupitia dirishani, maana alijua mama na mimi tuna tabia ya kuchoka tukifika tano.

Bibi alikuwa mama yake baba. Alianza kusahau wakati huo. Alimwita baba kwa jina la ndugu yake aliyekufa zamani, akatia chumvi kwenye chai, akauliza kama boti ya karafuu imeshafika, nasi hatukujua boti gani. Lakini hesabu ya saba hakuikosea.

Sasa, ilifika siku Afande akaniambia nimletee nguo niliyolalia, ili Koplo ainuse kabla ya kuanza. Nilimwambia mama. Mama alishtuka kana kwamba ametukanwa.

"Nguo uliyolalia umpelekee mtu baki? Aseme nimekulea vipi?"

Akaifua shimizi yangu, akaianika, akaitandaza juu ya chetezo cha udi pamoja na nguo zake mpaka ikanukia kutoka mlangoni hadi barabarani. Mimi niliona ni sawa kabisa. Nilidhani Koplo anafundishwa kupenda vitu vizuri, na kwamba ananipata kwa sababu nanukia kuliko watoto wengine. Nikawa naoga mara mbili kabla ya kwenda kupotea. Na siku nne mfululizo alinipata vizuri, maana nywele zangu nazo zilikuwa zimekaa kwenye moshi uleule.

Siku ya tano nilijificha ndani ya banda la mbata. Nilikaa. Nikakaa mpaka miguu ikafa ganzi. Ndipo nikasikia mayowe ya wanawake kutoka nyumba ya jirani yetu, ambako binti yao alikuwa anaolewa kesho yake. Bibi harusi alikuwa amekaa kigodani, amefunikwa shuka, chetezo miguuni, anafukizwa. Koplo alipita katikati ya wanawake wote, akakaa chini mbele ya shuka, akabweka. Wenye kuweza kupanda vitanda walipanda. Kungwi, mwanamke mnene mwenye sauti ya mwadhini, alimrushia mchi ukavunja mtungi. Bibi harusi ilibidi aoshwe upya, na mara saba.

Afande alikuja kunitoa bandani akitetemeka kwa hasira. Alichukua shimizi, akainusa mwenyewe.

"Nani kafukiza hii?"

"Mama."

Akakaa chini juu ya makumbi. Kisha akacheka ghafla, kama kawaida yake.

"Riziki, udi ni wa watu wote. Jasho lako ni lako peke yako. Koplo akinusa udi atakwenda kwa kila mwenye harusi. Nataka jasho."

Ndiyo siku aliyonifundisha ule ufundi wa mfuko: mkono ndani, shika nguo, geuza, funga, usiichanganye na ya mtu mwingine. Niliaibika sana. Sikuaibika kwa ajili ya bibi harusi. Niliaibika kujua kwamba muda wote ule Koplo alikuwa ananipenda kwa udi wa mama. Ilinibidi nianze upya, bila kuoga mara mbili, na alipoanza kunipata kwa harufu yangu mimi, nilitembea kijijini kifua mbele.

Lakini hapo nikaingiwa na hofu nyingine, na hii sikumwambia mtu. Nilianza kuamini kwamba Koplo anajua kila kilichofichwa, na kwamba akikijua atakaa chini na kubweka mpaka watu waje. Na nyumbani kwetu kulikuwa na kitu kilichofichwa.

Asubuhi moja kabla ya hapo Bibi alikuwa ameniita. Baina yetu palikuwa na utani wa siku zote. Yeye aliniita mke mwenzangu, mimi nikamwita mke mkubwa, tukagombea babu ambaye sikumkuta duniani. Siku ile hakutania.

"Mke mwenzangu, funga mlango."

Akatoa kanga chini ya mkeka, imekunjwa mara nne, imelowa.

"Kaifiche. Yule mkwe wangu asiione. Mimi ndiye niliyempokea mlangoni siku aliyoletwa hapa. Leo anifulie nguo ya mkojo, tutatazamana vipi? Bora nife."

Niliapa. Nikaitia kanga kwenye pakacha, pakacha nikalificha chini ya rundo la makumbi nyuma ya jiko, na nilipotoka chuoni nikaipeleka kwenye kisima cha zamani kule ukingoni mwa mikoko. Maji yake yalikwisha kuingia chumvi, kwa hiyo hakuna aliyekwenda. Nikafua kwa kipande cha sabuni nilichokuwa nakiweka pakachani, nikaanika vichakani, nikarudisha ikiwa kavu. Nilipomwambia Bibi naficha wapi na nafulia wapi, uso wake ulifunguka. "Kisima changu kile. Nilichota pale nikiwa mwari." Tuliendelea hivyo kwa wiki nyingi. Mama alisikia harufu ndani ya nyumba, akawalaumu paka, akazidisha udi. Nami kila Afande alipopita na Koplo karibu na kwetu, nilikimbia nje na kuwapeleka njia nyingine.

Ijumaa moja Afande alinipoteza kwa saa nne, mbali, karibu na shamba la mikorosho, na Koplo akanipata. Nilirudi kwa furaha kubwa, nikalisahau pakacha. Asubuhi ya Jumamosi Bibi alikuwa na kanga nyingine ya kuficha.

"Ya jana bado?" akauliza.

"Nitazifua zote leo, mke mkubwa. Wallahi."

Niliitia ya pili pakachani. Kisha nikaenda kwa Afande, kwa sababu alikuwa ameniahidi kwamba siku hiyo nitashika mimi ile kamba ndefu ya Koplo. Nilisema nitafua mchana. Mtoto anapewa kamba ya mbwa wa polisi, atafua nguo saa ngapi?

Nilikuwa nimeishika kamba, natembea kama ofisa, mama alipotokea mwenyewe njiani, peku, mtandio umemwangukia mabegani. Mama hakuwa mtu wa kutoka hivyo.

"Afande, mama mkwe haonekani. Tangu saa tatu. Tumetafuta kila nyumba."

Dereva mmoja wa bodaboda alikuwa amesema ameona bibi kizee akienda barabara ya Kilindoni, na wanaume wote, baba akiwemo, wamekwenda huko. Afande alitazama jua, kisha akatazama upande wa mikoko.

"Leo bamvua," alisema. "Maji yanaanza kujaa baada ya adhuhuri, na yatapanda sana. Kama yuko huko chini hatuna muda. Mama Riziki, nipe nguo yake aliyoivaa."

Tulifika uani kwetu na wanawake wa jirani walikuwa wamejaa. Mama alionyesha kamba ya kuanikia. Nguo za Bibi zilikuwa pale, nyeupe na safi, zinapepea.

"Nimezifua zote asubuhi, Afande. Mama mkwe wangu hakai na nguo chafu. Anatunzwa yule."

Alilisema kwa fahari, na fahari ile ilikuwa haki yake. Afande akauliza mto. Mto na foronya vimefuliwa, godoro limemwagiwa maji ya dawa na kuanikwa, kwa sababu ya paka. Akauliza viatu. Viatu vya Bibi vilikuwa mlangoni, lakini asubuhi ile wanawake watatu walikuwa wameshavivaa kwendea msalani. Kitandani kwake walikuwa wamekaa watu sita wanalia. Kila alichokigusa Bibi kilikuwa kimeshikwa na kijiji kizima.

"Sina cha kumpa Koplo," Afande alisema taratibu, na mama akashika kichwa.

Mimi nilikuwa nimesimama na kamba ya mbwa mkononi. Niliogopa. Nilijua nimeapa, na nilijua maana ya neno alilolisema Bibi, bora nife. Lakini nilijua pia kwamba mimi peke yangu katika ule ua wote ndiye niliye na anachokitaka Koplo, na kwamba nikinyamaza Bibi atapata kweli alichokisema. Nilimpa Afande kamba, nikamwomba mfuko, nikaenda nyuma ya jiko.

Pakachani nilikuta kanga moja. Ya pili haikuwepo, na kipande cha sabuni hakikuwepo.

Nilifanya kama nilivyofundishwa: mkono ndani, shika, geuza, funga. Lakini nailoni nyepesi haizuii harufu ya kanga ya siku mbili. Nilipotokea uani harufu ilinitangulia. Mwanamke mmoja alifunika pua kwa ncha ya mtandio. Mwingine akasema, "Astaghfirullahi, mtoto kaleta nini mbele za watu?"

"Ya nani hiyo?" mama akauliza.

"Ya Bibi."

"Uongo. Za Bibi nimefua mimi."

"Hukufua hizi. Hizi nafua mimi. Anajikojolea, mama, na hataki ujue. Anakuonea haya. Nilisema nitafua jana sikufua, na leo amechukua moja amekwenda kufua mwenyewe. Kisima cha zamani. Amekwenda kule."

Nililisema lote kwa pumzi moja, kwa sauti, mbele ya majirani wote. Mama hakunipiga. Alinitazama, akazitazama nguo zake safi kwenye kamba. "Kumbe ananionea haya mimi," akasema.

Afande aliupokea mfuko kwa mikono miwili.

"Hii ndiyo," alisema. "Twende."

Kisimani tulikuta kipande cha sabuni juu ya jiwe, bado kina povu lililokaukia pembeni. Bibi hakuwepo. Upande wa kijiji kulikuwa na njia moja, na hatukumkuta njiani. Upande wa pili ilikuwa mikoko mitupu, na vijito kumi vya kupita, na katika kila kijito maji yalikuwa yameanza kuingia. Wachimbaji chambo walikuwa wamepita asubuhi, nyayo zimejaa tele. Mtu angeweza kuita mpaka sauti ikauke. Tuliita, na mikoko haikujibu.

Afande alifungua mfuko, akamwekea Koplo puani. Koplo hakukunja uso kama wale wanawake. Alinusa kwa adabu, mara mbili, kama mtu anayesoma barua fupi. "Tafuta." Akazunguka kisima. Akaenda upande wa kijiji hatua chache, akarudi. Akainua kichwa juu, nami nikachukua vumbi nikaliangusha, na vumbi lilipeperuka kutoka kwenye mikoko kuja kwetu. "Upepo mzuri," nilisema, na Afande akaitikia kwa kichwa kana kwamba nimekuwa mtu mzima. Koplo alitumbukia kwenye kijito cha tatu, Afande akamwachia kamba, na mara hatukumwona tena.

Tulimfuata tukizama matopeni. Mama alikuwa mbele yangu, kanga ameikunja magotini, anakwenda kwa nguvu ambazo sikuwahi kuzijua. Maji yalinifika magotini, kisha mapajani. Halafu tukamsikia Koplo. Alibweka mara moja, mbili, tatu, pahali pamoja, haachi.

Kisha akaacha.

Afande alisimama. "Haachi yule," alisema. "Nimemfundisha asiache." Niliona uso wake umebadilika. Tukakimbia kadiri matope yalivyoturuhusu, tukakata kona, tukaona.

Bibi alikuwa amekaa juu ya mizizi ya mkoko, miguu imezama kwenye matope, maji yamemfika kifuani. Mikononi alikuwa ameshika ncha moja ya kanga aliyoifua. Ncha ya pili ilikuwa mdomoni mwa Koplo. Bibi alikuwa amempiga nayo ili amfukuze, na Koplo, maskini, alidhani analipwa ujira wake. Mbwa anavuta, bibi kizee anavuta, na hakuna aliyekuwa tayari kushindwa.

"Wee Shomari!" Bibi aliita alipomwona Afande, jina halijampotea hata kidogo. "Mwambie mbwa wako aache kanga yangu! Nimeifua sasa hivi!"

Nilicheka huku nalia. Afande alimwondoa Koplo, akafukua miguu ya Bibi kwa mikono. Mama akasogea, akageuka, akainama.

"Panda mgongoni, mama."

Bibi akarudi nyuma. "Hapana, mkwe wangu. Nimelowa."

"Sote tumelowa, mama. Maji ya bahari haya."

Bibi alifikiri kidogo, kisha akapanda. Mama alimbeba hadi nyumbani na hakukubali kupokewa. Wanawake walikuwa bado wapo uani. Hakuna aliyefunika pua.

Nyuma ya jiko, pale nilipooshwa mimi kila jioni, mama alimkalisha Bibi juu ya kigoda. Ua wa makuti ukafungwa, tukabaki watatu. Bibi alikaza kanga yake kifuani kwa mikono miwili, akamtazama mama kama mtu anayengoja hukumu. Mama alichota maji kwa kata, akasita. Kisha akapata la kusema, na mpaka leo sijui alilitoa wapi.

"Mama, yule mbwa kakulamba. Lazima tukuoshe. Mwili mzima."

Bibi akautazama mkono wake.

"Kanilamba kweli," alisema. "Mbwa hana adabu yule."

"Hana."

"Basi mara saba."

Akalegeza kanga. Mama akamimina, nami nikasugua. Nilianza na udongo. Bibi akahesabu mwenyewe, moja, mbili, tatu, kwa sauti ileile ya kila jioni. Mama alikuwa analia kimyakimya, na baada ya tano akaweka kata chini.

"Hiyo ya tano," Bibi akasema. "Usinipunje."

Usiku Bibi aliniita karibu na mto wake. "Mke mwenzangu, ulisema." Nikajibu, "Nilisema, Bibi." Akageukia ukutani. Iliniuma vibaya sana, zaidi ya fimbo. Kulipokucha alikuwa amesahau, akaniuliza kama mume wetu amekunywa chai. Mimi sikusahau. Lakini ningerudishwa ua ule leo, na mfuko ule, na majirani walewale, ningesema tena, na ningesema mapema zaidi.

Kuanzia kesho yake mama akawa anaingia chumbani kwa Bibi kila alfajiri, anafungua dirisha, na kusema kwa kukereka, "Mama, mbwa wa Shomari kapita tena humu usiku." Na Bibi anajibu, "Hata mimi nilimsikia." Kisha wanakwenda nyuma ya jiko, na Bibi anahesabu. Koplo alikuwa analala nje ya kijiji, amefungwa, na hakuwa amepita popote. Pakacha chini ya makumbi sikulitumia tena. Siku moja Bibi alimkuta Afande barazani akamkaripia mbele za watu, kwamba mbwa wake hamwachi alale. Afande, aliyekuwa tayari kumgombeza mtu yeyote aliyemsingizia Koplo, alisimama kwa heshima.

"Nisamehe, Bibi. Nitamfunga vizuri zaidi."

"Usimfunge sana," Bibi akasema. "Ni wa kazi."

Na alikuwa wa kazi kweli. Miaka iliyofuata Koplo alipata watu wengine, mmoja mtoto aliyelala shambani, mwingine mzee aliyevunjika mguu njia ya mikoroshoni, na mimi nilishika kamba mara zote mbili. Bibi alikufa kitandani kwake, safi, ananukia udi. Koplo alikufa mzee, sikio lake moja bado limelala, na Afande alimzika nyuma ya nyumba bila kumwambia mtu.

Mama alipougua hivi karibuni, akili yake ilikuwa timamu hadi mwisho, na fahari yake ilikuwa palepale. Nilimuuguza mwenyewe. Alfajiri moja niliingia chumbani kwake nikaijua ile harufu kabla sijafika kitandani. Alikuwa amelala macho wazi, kanga ameibana kwa mikono miwili, na mimi mtu mzima, mama wa watoto, nilisimama pale na ndoo nisijue nianze na neno gani. Yeye ndiye aliyenisaidia.

"Riziki," alisema, "nadhani Koplo kapita."

"Kapita, mama," nikamwambia. "Nimepishana naye hapa mlangoni."

Akalegeza kanga, akaanza kuhesabu.